Leseni ya kuvuta tela la farasi: kisa cha dereva wa daraja D, Dodoma

Swali lilikuwa fupi: dereva mwenye leseni ya daraja D, ile ya pikapu, anaruhusiwa kuvuta tela lenye farasi wawili kutoka Arusha hadi Dodoma, au ni lazima awe na E, ile ya malori? Aliyeuliza ni mama mmoja mwenye shamba upande wa Kikombo, nje kidogo ya jiji, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyeamua kuongeza farasi. Kazi yangu ni kupanga safari za mizigo na kukagua makaratasi ya magari, na maswali ya namna hiyo huwa nayajibu nikiwa nimesimama. Hili lilinikalisha chini.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Tela lilinunuliwa Ujerumani likiwa limetumika, likashushwa bandari ya Dar es Salaam, likalipiwa ushuru, likasajiliwa na kupata namba yake. Huku kwetu tela lina kadi yake na namba yake. Halitembelei za gari linalolivuta. Gari la kulivuta ni Land Cruiser pikapu, ile ambayo wenyewe wanaiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Dereva ni mwenyeji wa Mpwapwa, ana miaka 30 na ushei, ameshika D kwa miaka 7, na amebeba ng'ombe na mbuzi wa mnada wa Msalato mpaka anawajua kwa tabia. Farasi hajawahi kubeba hata mmoja. Hilo si la kumlaumu mtu, maana ukanda huu wa kati ni nchi ya punda. Farasi wa kufugwa unawakuta zaidi upande wa Arusha na Kilimanjaro.

Tatizo lilianza siku ya kulichukua tela Dar, likiwa tupu. Plagi ya taa ya tela ina pini 13, soketi ya gari ina pini 7, na fundi aliyeitwa haraka haraka akaunga nyaya kwa mkono na kuzifunga na utepe. Vigwaza walipita mizani salama. Mbele ya Morogoro taa za breki za tela zikafa. Trafiki akawasimamisha, akaona taa, akaandika faini ya 30,000 ambayo hakuna mwenye haki ya kuilalamikia. Kisha akaomba leseni.

"Hili tela unalivuta kwa D?"

"Afande, ni tela tu hili, halina kitu ndani."

"Kwani likiwa tupu linakuwa baiskeli? Hii ni kazi ya E."

Akawaachia kwa onyo. Kabla ya kuingia Dodoma wakasimamishwa tena, na trafiki wa pili, baada ya kuitazama leseni ileile, akasema D inatosha kabisa, gari lenyewe pikapu. Dereva akafika shambani na majibu mawili mfukoni. La tatu lilikuwa limeshatangulia kwenye simu ya mama: kaka yake anayeishi Uingereza alimtumia ujumbe wa sauti kwamba "huko kwetu mtihani wa tela umefutwa, msisumbuke."

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema basi trafiki mmoja hajui kazi. Mimi sioni hivyo. Kila mmoja alikuwa na kitu alichokitazama, na ukikielewa hicho, umelielewa tatizo.

Madaraja yetu ya leseni, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, yamepangwa kwa aina ya gari na kazi yake. B ni ya gari binafsi. D ni ya magari yasiyo pikipiki, yasiyo ya abiria na yasiyo makubwa, na ndiyo anayoishika dereva wa kuajiriwa kwenye pikapu. E inaingiza magari makubwa, na ndiyo wanayokwenda nayo madereva wa malori na semitrela. C na wadogo zake ni za abiria, zikigawanywa kwa idadi ya viti. Ukiutazama mpango huo unaona maswali mawili tu: gari ni la namna gani, na linabeba nani. Hakuna swali la tatu linalosema: gari hili dogo limefungwa nini nyuma yake, na vyote viwili kwa pamoja vina kilo ngapi?

Trafiki wa pili alitazama mbele, akaona pikapu, akasema D. Wa kwanza alitazama kuanzia bampa la mbele hadi mlango wa nyuma wa tela, akaona kitu kirefu na kizito kinachokwenda kama kimoja, akasema E. Hakuna aliyetunga jambo kichwani mwake.

Sasa tela lenyewe limetoka kwenye nchi ambayo swali hilo la tatu ndilo la kwanza. Kwa Wajerumani, kama ilivyo katika Umoja wa Ulaya, mwenye leseni B anavuta tela la hadi kilo 750 bila maneno. Likizidi hapo, gari na tela kwa pamoja visivuke kilo 3,500. Akitaka kufika 4,250 anahudhuria mafunzo yasiyopungua saa 7, hakuna mtihani, anaandikiwa alama ya 96 kwenye leseni yake. Akitaka zaidi ya hapo, kwa tela la hadi kilo 3,500, anafanya mtihani wa barabarani na kupata BE. Na wanachohesabu ni uzito unaoruhusiwa, ule uliopigwa chapa kwenye kibati cha kiwanda, hata kama siku hiyo tela ni tupu. Kwa hiyo lile jibu la trafiki wa Morogoro kuhusu baiskeli, kwa Mjerumani, ni sheria kamili.

Nilikisoma kibati cha tela la mama. Uzito unaoruhusiwa kilo 2,400. Tupu lina kilo 950. Pikapu yenyewe, kwa makaratasi yake, inaruhusiwa kilo 3,300. Jumla 5,700. Huko lilikotoka, dereva wetu asingetoka nalo uani bila BE.

Kaka wa Uingereza naye hakudanganya. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye leseni ya gari dogo huko anaweza kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Lakini sheria ya leseni haisafiri kwenye kontena. Kinachosafiri ni kibati, kwa sababu kibati kinazungumzia ekseli, chesi na breki, na chuma hakibadilishi uwezo wake kikifika Kurasini.

Wa kulitatua jambo alikuwa wakala wa bima, pasipo kukusudia. Mama alikuwa na bima kubwa ya pikapu na alitaka kukata ya tela. Wakala akauliza daraja la dereva, akanyamaza kidogo, akasema: "Mama, mimi nakuuzia bima ya tela hata sasa hivi. Ila siku ya madai, wanaosoma mkataba siyo mimi."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoliona swali la leseni kuwa ni la kupita kituo cha ukaguzi. Kituoni unaweza kujieleza, unaweza kulipa faini, unaweza kupewa onyo. Mkataba wa bima wa kawaida unataka dereva awe na leseni halali kwa gari analoendesha, na mjadala wa D au E ukiibuka baada ya ajali, unaibuka ukiwa na farasi waliokufa, gari la mtu mwingine limebonyea, na pengine mtu hospitali. Anayebishana nawe wakati huo ana wanasheria na ana muda. Hata kama hoja yako ya D ni nzuri, na mimi naiona ina uzito, umechagua mahali pabaya sana pa kuijaribu.

Ushauri wangu ukawa: dereva achukue E, na bima zote mbili ziandikwe zikitaja wazi kwamba pikapu hiyo itavuta tela hilo, namba kwa namba. Siyo kwa sababu nimethibitisha kwamba D ni kosa. E inafunga mjadala, D inauacha wazi.

Mama hakufurahi. Dereva akienda kusoma, maziwa ya asubuhi yanapelekwa mjini na nani? Ada ya chuo nayo ilikuwa juu yake. Akauliza kama haiwezekani "kupitisha" tu. Nilimjibu kwamba leseni ya kununua ndiyo ile ile inayokosa nguvu siku ya madai, na mama ni mtu wa kuelewa haraka, dereva akaenda. Mkondo ni ule unaojulikana: mafunzo kwenye chuo kinachotambuliwa, cheti, mtihani mbele ya polisi wa usalama barabarani, kisha TRA kulipia na kupiga picha. Leseni siku hizi inakaa miaka 5, tofauti na 3 ya kabla ya 2019, kwa hiyo gharama ukiigawa si kubwa kama ilivyomuumiza siku ile. Miaka yake 7 ya D ilimsaidia. Hakuna aliyemuuliza uzoefu.

Alirudi na E. Mama akadhani tumemaliza.

Tulikuwa nusu ya njia. Chuoni alifundishwa lori, na alifundishwa vizuri: breki za upepo, kukata kona pana, kusoma vioo, kufunga mzigo. Hakufundishwa hata jambo moja la tela la ekseli mbili linaloning'inia kwenye kirungu cha chuma cha milimita 50 nyuma ya gari. Chuo hakina kosa. Hakuna lori linalovuta hivyo. Ila ndipo unapoona kwamba leseni tuliyoihitaji kwa ajili ya karatasi na ujuzi tuliouhitaji kwa ajili ya farasi ni vitu viwili.

Tukaanza na kurudi nyuma. Watu hudhani anayerudisha semi ya mita 12 atarudisha tela dogo akiwa amefumba macho. Ni kinyume. Tela likiwa fupi, umbali kutoka kirungu hadi ekseli ni mdogo, na kila kosa la usukani linakuwa kubwa kabla hujalitambua. Ukizubaa kidogo tela limekunja na kona ya pikapu inalibusu. Tulikwenda kwenye kiwanja kitupu karibu na shamba, tukapanga ndoo za rangi, na mbinu iliyomsaidia ni hii: shika usukani kwa chini, pale tarakimu 6 inapokaa kwenye uso wa saa. Mkono ukienda kushoto, tela linakwenda kushoto. Ukienda kulia, linakwenda kulia. Kichwa kinaacha kufanya hesabu za kinyume. Ndoo tatu za mwanzo zilipasuka, na vijana waliokuwa wakichunga ng'ombe pembeni walipata burudani ya bure.

Breki ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi kueleza. Tela hilo halina waya wa breki wala bomba la upepo kutoka kwenye gari. Lina breki ya msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linataka kuendelea, linausukuma ndani ulimi wake, ile shingo ya mbele inayoungana na gari, ulimi unavuta fimbo, fimbo inafungua viatu vya breki kwenye magurudumu ya tela. Ni ujanja mzuri na hauna mambo mengi. Ubaya wake unajitokeza kwenye mteremko mrefu, kwa sababu huko tela linasukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinashika muda wote, hata kama dereva hajagusa pedali. Viatu vinapata moto, na vikizidi moto vinakosa nguvu. Dawa ni kushuka kwa gia ndogo, injini ishikilie, na mwendo uwe umeshapunguzwa kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati yake. Kuna pia waya mwembamba wa dharura unaofungwa kwenye gari, ili tela likichomoka lijipige breki lenyewe. Dereva alikuwa akiukunja na kuuweka juu ya ulimi, akidhani ni wa kufungia plagi.

Halafu matairi. Nyuma ya tela kulikuwa na stika ya duara iliyoandikwa 100, na kijana wa shamba akaisoma kama ruhusa ya mwendo. Kwa Wajerumani mwendo wa gari lenye tela ni 80, na stika ile inaruhusu 100 kwenye barabara zao kuu za kasi tu, kwa masharti, mojawapo likiwa matairi yasifikishe miaka 6. Nikapiga magoti kutafuta tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi: 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014. Kashata zilikuwa nene kama mpya, kwa sababu tela la farasi huko hukaa bandani zaidi ya linavyotembea; lakini karibu na rimu mpira ulikuwa na nyufa nyembamba ambazo ukiupinda zinafunguka. Yakatolewa yote manne. Stika nayo tukaibandua. Mwendo wa dereva wetu ni 80 hata hivyo, kwani hiyo ndiyo kasi ya juu ya magari yanayozidi kilo 3,500 kwenye sheria yetu, na mtu aliyechukua E kwa hoja ya uzito hawezi kuukataa uzito huohuo ukifika kwenye kibao cha mwendo.

Kwa hoja hiyohiyo nilimwambia aingie kila mizani atakayoikuta. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya 2016, inaanzia kilo 3,500. Kuingia kunachukua dakika chache. Kukimbizwa na kurudishwa kunachukua asubuhi nzima, farasi wakiwa wamesimama juani.

Jaribio la kwanza lenye mzigo tulilifanya kwa magunia 9 ya mahindi ya kilo 100. Farasi hawa wana kama kilo 450 kila mmoja, kwa hiyo uzito ulilingana. Ulimi wa tela haupaswi kulemea kirungu kupita kiasi wala kuelea. Kwenye tela hili ni kati ya kilo 75 na 100. Magunia yalipowekwa nyuma, tela likaanza kuyumba mkia tangu kilomita 60 kwa saa. Tulipoyasogeza mbele kidogo ya ekseli, likatulia. Dereva alijifunza zaidi katika dakika hizo 10 kuliko katika maelezo yangu yote. Ila gunia halina miguu. Farasi anasimama, kitovu chake cha uzito kiko juu, na kila ukikata kona anahamisha mwili kwenda upande wa pili. Ukifunga breki kwa pupa anakwenda mbele na kifua kinagonga ubao. Ndiyo maana mwendeshaji mzuri wa farasi anaendesha kama mtu aliyebeba sufuria ya uji bila mfuniko: anaanza taratibu, anasimama taratibu, na kona anaiingia akiwa amekwisha kupunguza.

Jambo lingine ambalo hakuna daraja la leseni litakalokuambia: mlango. Wajerumani wanaendesha kulia, kwa hiyo tela lao linamshusha farasi kwa mlango wa mbele upande wa kulia, ambako kwao ndiko ukingo wa barabara. Huku kwetu kulia ni katikati ya barabara, ambako basi la Arusha linapita. Mama aliambiwa na fundi mmoja kwamba anaweza kukata na kuhamishia kushoto. Nilipinga, kwa kuwa ukuta wa tela ni sehemu ya nguvu yake. Tukakubaliana kwamba mlango wa kulia haufunguliwi barabarani kwa sababu yoyote. Kushusha ni nyuma tu, na dharura ikitokea gari linaondolewa kwanza lami, liingie mahali pa wazi. Na siku watakapobeba farasi mmoja, atakaa chumba cha kulia, kwa sababu barabara zetu zimeinama kuelekea kushoto, ukingoni, na uzito wa upande mmoja ukiwa huko tela linazidi kuegemea mtaro.

Safari yenyewe nitaipita haraka. Makaratasi ya wanyama yalikwenda sambamba: kibali cha kusafirisha kutoka kwa ofisa mifugo wa walikotoka na cheti cha afya, kama inavyotaka Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya 2003, na nakala yake ikakaa na kadi za gari na tela. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo inagusa usafirishaji, hivyo ratiba ilikuwa na mahali pa kupumzika na maji. Waliondoka Arusha kabla ya alfajiri, wakashika Makuyuni, Minjingu, Babati. Lami ya Babati hadi Dodoma, kilomita 251 zilizozinduliwa 2018, ni nzuri kiasi cha kumdanganya dereva. Zamani vumbi na mashimo vilimlazimisha mtu apunguze. Leo anafika kwenye milima akiwa bado na mwendo wa tambarare.

Milima hiyo ndiyo niliyokuwa nikiiwaza. Kutoka Bonga unapanda hadi Bereko, kisha unateremka kwa kona kona kuelekea Kolo na Kondoa. Dereva alifanya kama tulivyokubaliana: gia ya pili, mguu mbali na breki, malori yampite kama yana haraka. Chini ya mteremko akaegesha, akashuka, akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu la tela bila kuligusa. Kushoto kulikuwa na joto la kawaida. Kulia mbele, joto lilimrudisha mkono, na kulikuwa na harufu ya breki. Alisubiri hadi pakapoa, akampigia mama, akaendelea kwa 60 hadi Kondoa mjini. Baadaye fundi wa Dodoma alifungua na kukuta waya wa breki wa gurudumu hilo umekazwa kuliko wenzake. Kila tela liliposukuma, gurudumu moja lilikuwa likifanya kazi ya mawili. Lilitoka hivyo Ujerumani au lilikazwa Dar, hilo hakuna aliyetaka kulisemea.

Baada ya Chemba, kwenye uwazi wa kuelekea Mayamaya, upepo wa ubavuni ulikuwa unalipiga tela, maana ni refu kwenda juu na kuta zake ni bapa. Alipunguza tena. Farasi walishushwa Kikombo jioni, mmoja akiwa amelowa jasho mabegani, wote wakila majani ndani ya muda mfupi. Njiani walisimamishwa na trafiki mara kadhaa. Leseni ikaangaliwa, E ikaonekana, ikarudishwa. Hakuna aliyejadili chochote.

Kuna jamaa wa usafirishaji niliyemsimulia kisa hiki akasema nimemtia mama gharama ya bure, kwamba matela ya maji na ya jenereta yanavutwa na pikapu za D kila siku hapa mjini na hakuna anayekamatwa. Ni kweli yanavutwa. Lakini tela la jenereta haliendi Arusha, halina kilo 2,400 kwenye kibati chake, na jenereta haishtuki lori likipiga honi. Ningekuwa na tela dogo la kilo 500 la kubebea madumu ya maji kati ya Kikombo na Ihumwa, ningempa dereva wa D na kulala usingizi.

Hoja yake nyingine ilikuwa nzito zaidi: kwamba mafunzo ya kiwanjani, yale ya ndoo na magunia, ndiyo yaliyowafikisha farasi, na hayo hayana cheti popote. Hapo sina cha kumjibu. Mwingine mwenye E, aliyetoka kwenye semi ya mafuta na hajawahi kuona breki ya msukumo, angepita vituo vyote vya ukaguzi kwa heshima na kufika Kolo bila kujua kinachomngoja. Ningependa chuo chochote cha udereva hapa Dodoma kiweke siku mbili za tela dogo, hata bila kubadilisha daraja lolote. Wateja wapo: wafugaji, watu wa visima, watu wa jukwaa na muziki. Wanajifunzia barabarani.

Limebaki suala la mpwa wa mama. Anasoma chuo hapa mjini, ana leseni B, amekaa pembeni ya dereva mazoezi yote na kwa kurudisha nyuma amekuwa hodari kuliko mwalimu wake. Mwezi ujao farasi mmoja anatakiwa kupelekwa kwa daktari wa mifugo, siyo mbali, na dereva atakuwa likizo Mpwapwa. Mama aliniuliza kama kijana anaweza kwenda nalo, mara hiyo moja tu. Nilimwambia B haina nafasi kwenye kazi hiyo, na kwamba bima imeandikwa kwa dereva mwenye daraja husika. Amwite daktari aje shambani, au asogeze likizo ya dereva. Alisema atazungumza na daktari.